Ufuo ni Wetu, Njia ni ya Nani?

Mazungumzo haya yalitolewa kwenye banda la samaki, kaunti ya Kilifi, mbele ya wavuvi, mama karanga (wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga kwa kuuza) na vijana wanaofanya kazi ufuoni. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa baharini siku ile.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa kamati yetu ya usimamizi wa ufuo, BMU, wazee wangu, mama zangu mliokuja na ndoo zenu kwa kuwa samaki hangoji mkutano, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mnazi, ahsanteni kwa kuniita.

Kabla sijasimama, mzee mmoja hapa mbele ameniuliza: "Mwanangu, wewe ni wakili, hebu niambie neno moja tu. Bahari ni ya nani?" Nikamwambia, ni yako, baba. Akanitazama. Akanyosha mkono kwenye ule ukuta mweupe, akasema, "Basi mbona sifiki?"

Wazee wangu, mama zangu, yote nitakayosema leo ni jibu la hilo swali la pili.

Nianze na la kwanza, kwa sababu ni fupi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, imetaja ardhi ya umma moja baada ya nyingine. Ndani yake imo ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Yote. Haikusema isipokuwa mbele ya hoteli. Haikusema isipokuwa mbele ya nyumba ya mheshimiwa. Ardhi hiyo inashikwa na serikali ya kitaifa kwa amana, kwa niaba ya wananchi, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Barabara za umma nazo zimo katika Kifungu hicho hicho, nitazirudia.

Sasa mtu ataniuliza, maji kujaa ni wapi? Nimepita pale chini leo alfajiri. Nimeukuta mstari wa majani ya bahari yaliyokauka, na ndani yake kifuu cha nazi, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na vipande vya kamba ya nailoni ya buluu. Hapo ndipo bamvua iliyopita, yale maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu, ilipofika ikageuka. Savea, mpimaji wa ardhi, atakuja na kifaa chake, na lazima aje, kwa sababu mahakama hupokea vipimo. Lakini kila mmoja wenu hapa anaujua mstari ule tangu utotoni. Na nimeona jambo moja: ule ukuta umesimama upande wa juu wa mstari sehemu kubwa, ila kwenye kona ya kusini, majani yale yamelala kwenye msingi wa ukuta. Nawaomba mliweke hilo akilini, nitalirudia mwisho.

Kuna kitu kinachosemwa sana vijiweni na kinatuponza. Watu husema, "Mita 60 kutoka baharini ni zetu, sheria imesema." Kanuni za upimaji za mwaka 1994 zinasema hivi: ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, ikipimwa ili igawiwe mbele ya bahari, kwa kawaida iachwe akiba isiyopungua mita 60 juu ya maji kujaa. Sikilizeni maneno. Ambayo haijagawiwa. Kwa kawaida. Na waziri alipewa uwezo wa kupunguza. Sasa pwani hii ina ploti nyingi zilizopimwa zamani, nyingine tangu ukoloni, ambazo mpaka wake umefika pale pale kwenye maji kujaa. Kwa hiyo usiende kumvunjia mtu uzio ukipiga kelele za mita 60 kabla hujaona ramani yake. Utalala ndani wewe, na yeye atajenga upya. Chini ya maji kujaa, hapo hakuna mjadala. Juu yake, twende na karatasi.

Na mimi nawaambia karatasi, karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyotuumiza watu wa pwani kuliko bunduki. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi kwenye ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini. Mwenye ardhi aje adai, aandikwe. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Mijikenda wengi, ambao shamba lilikuwa la ukoo na hakuna mtu mmoja aliyesema hili langu peke yangu, hawakuandikwa. Wakalala wenyeji, wakaamka maskwota. Wajukuu wao ndio nyinyi mliokaa hapa. Ni nani hapa hana jamaa anayeishi kwenye ardhi yenye hati ya mtu asiyemjua sura? Nyosheni mikono. Mnaona? Hakuna mkono.

Sasa nije kwenye swali la mzee.

Ufuo hawatunyang'anyi kwa kuuzungushia waya. Ni vigumu kuzungushia waya kitu ambacho bahari inakifunika mara mbili kwa siku. Wanatunyang'anya njia. Ukishafunga njia ya kuteremkia, ufuo unabaki wa umma kwenye Katiba, na umma hauko. Wanaobaki ni wageni kwenye vitanda vyao na askari mwenye rungu. Ndiyo maana siku hizi nikiitwa kwenye kesi ya ufuo, sikimbilii mchangani. Naanzia barabara kuu, nauliza, njia ya kushukia iko wapi?

Nitawapa habari ya njia moja, nayo ni ya nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa mama karanga. Kutoka jikoni kwake mpaka baharini ilikuwa kilomita moja kasoro, kwa kijia kilichopita kati ya ploti mbili, kando ya mkwaju. Alishuka saa kumi na mbili, akanunua tasi na changu mashua zikiingia, saa mbili mafuta yalishakuwa motoni. Mwaka mmoja wenye ploti wakauza, akaja mwenye fedha, na asubuhi moja tukakuta geti la chuma la rangi ya kijani. Aliyelinda geti alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini. Akamwambia mama, "Mama, mimi nimeambiwa tu."

Mama akaanza kuzunguka. Kilomita moja ikawa tatu na zaidi, nyingine juani. Mnajua samaki akitembezwa juani bila barafu anakuwaje. Jicho linazama, matamvua yanaacha wekundu yanakuwa kahawia, na mteja wa pwani humdanganyi, anafunua shavu la samaki kwanza ndipo aulize bei. Mama akawa anauza samaki wa shilingi hamsini kwa thelathini. Hakuna mahakama iliyowahi kuhesabu zile ishirini. Miaka yote ile, wazee wa kijiji walikwenda kwa mwenye geti mara ngapi? Mara nyingi. Walikwenda kufanya nini? Walikwenda kuomba. Waliomba ruhusa ya kupita. Siku nyingine wakaruhusiwa, siku nyingine wakafukuzwa, kulingana na alivyoamka.

Mimi nikasoma, nikawa wakili, na bado haikunijia. Ilipita miaka mpaka siku moja, kwa ajili ya kesi nyingine kabisa, nikawa nimeshika ramani ya upimaji ya eneo letu, nikaona mistari miwili iliyokwenda sambamba kati ya zile ploti mbili, kutoka barabara kuu mpaka baharini. Barabara ya umma, upana mita 6. Nilikaa chini. Kijia cha mama hakikuwa kijia. Kilikuwa barabara, imepimwa, imechorwa, imehifadhiwa ofisini tangu kabla sijazaliwa. Tulikuwa tunaomba ruhusa ya kupita kwenye barabara yetu wenyewe.

Tukaandika barua kwa ofisi husika kuomba nakala rasmi na maelezo. Hapa nataka vijana mshike kalamu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari inayoipa ofisi siku 21 kukujibu. Peleka barua, baki na nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukupeleka kitu. Savea alipokuja kutafuta bikoni, zile alama za mpaka, moja ilikutwa ndani ya ukuta, imefukiwa chini ya maua, na udongo ukishatolewa kile chuma kilikuwa bado kimesimama wima kwenye saruji yake. Ilituchukua miaka minne, barua, vikao, na mwisho geti likasogezwa. Mama yangu alishuka njia ile tena akiwa na miaka 71. Hakubeba ndoo.

Na kama ramani yenu haina ile mistari miwili? Msikate tamaa. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inatambua kwamba haki ya kupita iliyokuwepo wakati ardhi inasajiliwa kwa mara ya kwanza inaendelea kuwepo hata kama haikuandikwa kwenye hati. Lakini mtaithibitisha vipi? Kwa watu. Kwa huyu mzee aliyeshuka na baba yake hapa akiwa mtoto. Kwa yule bibi pale aliyechota maji ya kisima kilichokuwa katikati ya ploti. Nendeni mkae nao, muandike, waapishwe, waweke kidole. Mwaka huu. Nimekwenda mahakamani na kesi nzuri ambayo shahidi wake tulimzika mwezi mmoja kabla.

Mtaniambia, wakili, huyo wa kwenu alikuwa hana nguvu, wa kwetu ana hati yenye muhuri wa serikali, na aliyemuuzia alikuwa mkubwa. Sawa. Nitawapeleka Nyali.

Kulikuwa na ploti ya mbele ya bahari pale Nyali, Mombasa. Mwaka 1989 aligawiwa Rais wa nchi wakati ule, Daniel arap Moi. Hakuna mwananchi aliyekuwa mkubwa kuliko huyo. Kutoka kwake ikahamia kwa kampuni, na kutoka kwa kampuni hiyo, mwaka 2006, ikanunuliwa na kampuni nyingine, Dina Management. Waliolipa walilipa, hati walikuwa nayo. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ikaja ikabomoa ukuta, ikasema hapa pana njia ya umma ya kwenda baharini. Mwenye hati akaenda mahakamani. Akashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akaenda Rufaa, akashindwa. Akapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakamjibu.

Walisema nini? Nawaeleza kwa maneno yangu. Walisema ardhi ile ilikuwa eneo la wazi, limetengwa kwa ajili ya umma, na namna ilivyogawiwa mara ya kwanza haikufuata sheria. Na kama mgao wa kwanza haukuwa halali, wa pili hakununua kitu, na wa tatu hakununua kitu. Hati ni mwisho wa safari. Mahakama itarudi nyuma kuangalia safari yenyewe ilianzaje. Kusema "mimi nilinunua kwa nia njema, sikujua" hakukumsaidia. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali, lakini hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Narudia kwa sababu ni zito. Ilianza na Rais. Ikapita mikono mitatu. Ikawa na hati. Na njia ya kwenda baharini ikashinda.

Hukumu ile iligeuza kazi yetu sisi mawakili. Zamani mteja akitaka kununua ploti ya bahari, tulikwenda masjala, tukatazama jina kwenye daftari, basi. Leo nisipochimba mpaka mgao wa kwanza, namtia mteja wangu hasarani. Na nyinyi nawaomba mlione upande wenu: mnunuzi mwenye akili siku hizi anaogopa kijiji chenye kumbukumbu. Kabla hajanunua, anatuma mtu aulize, "Hapa watu walikuwa wanapita?" Jibuni ndiyo, na muonyeshe maandishi.

Lakini sasa niseme na sisi wenyewe, na hapa sitapaka mafuta.

Ni nani aliyesaini? Nimeshughulikia jambo moja, kijiji sikitaji. Watu waliitwa mkutanoni kuelezwa habari ya mradi ufuoni. Wakapewa soda, wakapewa shilingi mia tano za nauli, wakaombwa waandike jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, "kuonyesha kwamba ulikuja". Miezi baadaye nikaikuta karatasi ile ile, imebandikwa nyuma ya ripoti ya mazingira, juu yake pamechapwa maneno kwamba wakazi waliotia sahihi wameunga mkono mradi. Majina yalikuwa ya kweli. Sahihi zilikuwa za kweli. Mzee mmoja alilia mbele yangu alipoonyeshwa kidole gumba chake.

Kwa hiyo: karatasi isiyo na kichwa, usitie sahihi. Kama ina kichwa, mwambie mwanao aisome kwa sauti. Piga picha kwa simu kabla ya kuirudisha.

Na msidhani mkutano wa soda unatosha mbele ya sheria. Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe, Lamu, megawati 1,050? Wenzetu wa Lamu walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, wakapinga leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Juni 2019 baraza likaifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa hii: umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kuutambulisha mradi, kabla watu hawajaambiwa utafiti umegundua nini, haikuhesabiwa kuwa ushirikishwaji. Mwaka mmoja kabla, 2018, Mahakama Kuu kule Malindi ilikwisha kuamua kesi ya bandari mpya ya Lamu, ikawapa wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hawakuwa na hati ya bahari. Nani ana hati ya bahari? Walikuwa na kazi yao, utamaduni wao, na haki yao ya mazingira safi. Tena Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema ukienda kudai haki ya mazingira, hulazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Huna haja ya kungoja samaki waishe.

Hata hivyo siku ya fidia ikifika, swali la kwanza ni, wewe ni mvuvi? Nionyeshe. Mwenyekiti, daftari la BMU likoje? Nimeliomba kabla ya mkutano. Nimekuta majina ya marehemu wawili, na nimekosa majina ya mama karanga wote isipokuwa wanne. Wanawake hawa wanaishi kwa bahari hii kama mvuvi anavyoishi. Waandikwe. Waandikwe kabla ya mfungo.

Vijana wa mashua na wa kuuza shanga, neno lenu ni fupi. Askari wa hoteli hana mamlaka ya kukufukuza chini ya maji kujaa. Lakini ufuo wa umma una sheria. Leseni ya kaunti uwe nayo, jaketi za kuokolea ziwe za kutosha abiria wote, na ukiwapeleka wageni Watamu au Malindi, pale ni hifadhi ya bahari tangu 1968, hakuna kuvua ndani ya mbuga, hakuna kuokota kombe, na kasa haguswi. Mgeni akikuomba, mkatalie.

Na mikoko. Mikoko ya nchi hii ni msitu wa serikali tangu 1932, kila mti, hata ule unaoota nyuma ya choo chako. Wengi tumechukulia hivyo kuwa adhabu, tukakata boriti usiku. Gazi, kule Kwale, walifanya vingine. Wakaunda chama cha wana kijiji, wakafunga mkataba na Huduma ya Misitu, wakachukua hekta 117 za mikoko, wakazitunza na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huifyonza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Fedha zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Tofauti yao na sisi haiko kwenye udongo. Nimeuona udongo wa kwao, ni tope lile lile linalonyonya kiatu. Wao wana mkataba.

Nimesema mengi, na jua linapanda. Nirudi kwenye ile kona ya kusini.

Jumamosi ijayo ni bamvua. Maji yatajaa saa kumi jioni. Mimi nitakuja na savea, gharama yake nimeshaelewana na mwenyekiti. Nataka wazee watatu waliozaliwa hapa, mama karanga wawili, na kijana mmoja mwenye simu yenye kamera nzuri. Tutaanzia barabara kuu, tutembee mpaka majini, tukitazama ile ramani hatua kwa hatua. Hakuna rungu, hakuna jiwe, hakuna matusi. Maji yakigusa ule ukuta, tutayapiga picha yakiugusa, na savea ataandika kipimo.

Mzee wangu uliyeniuliza, nakuomba uwe wa kwanza kati ya wale watatu. Ukichoka kutembea, tutakubeba.